Uzoefu wangu: siku tano za mafunzo ya uongozi kwa wakuu wa idara

Nilipopokea barua ya kuteuliwa kuwa mkuu wa idara kwa miaka mitatu, nilikuwa mhadhiri mwandamizi mwenye machapisho ya kutosha, lakini sikuwahi kumsimamia mtu yeyote isipokuwa wanafunzi wa uzamili. Katika vyuo vikuu vyetu vya umma, mtu husifika darasani na katika utafiti, kisha hukabidhiwa ofisi, bajeti na watumishi ambao jana walikuwa wenzake, bila kuonyeshwa namna ya kuwaongoza. Ndiyo maana nilikwenda Morogoro kwa hamu kubwa chuo kilipotugharamia mafunzo haya.

Siku ya kwanza ilikuwa ya nadharia na slaidi, na sehemu kubwa yake ningeweza kuisoma nyumbani. Siku ya pili ndiyo iliyonifaa. Mwezeshaji alitupanga wawili wawili, akatupa kisa cha kuigiza, cha mtumishi aliyekubaliana na mkuu wake malengo ya mwaka mwezi Julai, na nusu mwaka ikafika hajatekeleza hata moja. Wengi wetu tuliizoea OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi wa watumishi wa umma ulioanza mwaka 2004, kama fomu za kujazwa na kusainiwa harakaharaka ifikapo Juni, na hata sasa tunapojaza PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi yake, kwenye mtandao tabia hiyo haijatutoka. Mimi nilipangwa na fundi sanifu wa maabara, mama mwenye miaka 18 kazini. Nilianza kumsomea kasoro moja baada ya nyingine, na mwezeshaji akanikatisha, akaniambia nifunge karatasi nimuulize mwenyewe anataka kufika wapi katika kazi yake. Yule mama alinyamaza kidogo, akasema, "Dokta, swali hilo sijawahi kuulizwa na mkuu yeyote." Hapo hakuwa anaigiza tena.

Kuwachanganya wanataaluma na waendeshaji, yaani watumishi wasiofundisha, katika ukumbi mmoja ni uamuzi wa busara, na ningewasihi waandaaji wasiuache. Hata hivyo, ni hapohapo walipoteleza, kwa kuwa muundo wa utumishi wa waendeshaji, yaani waraka unaoeleza ngazi zao na sifa za kupanda cheo, ulipewa muda usiofika saa moja, alasiri ya mwisho, wakati baadhi ya washiriki wamekwisha kufunga mizigo. Mhadhiri anajua vizuri anahitaji nini ili apande cheo. Fundi sanifu, mkutubi au afisa tawala mara nyingi husubiri tu kuambiwa, na mkuu wa idara asiyeujua muundo huo hawezi kumsaidia. Aidha, tuliahidiwa mlezi wa kutufuatilia kwa miezi sita, na hadi leo hakuna aliyenipigia simu. Chuo kitakachowapeleka watu wake kidai ahadi hiyo iandikwe kwenye mkataba kabla ya kulipa.

Pamoja na hayo, ninayapendekeza, hasa kwa aliyeteuliwa karibuni ambaye bado hajajenga mazoea mabaya. Tangu nirudi nimetenga Alhamisi asubuhi kwa mazungumzo na mtumishi mmoja mmoja, malengo yake yakiwa mezani, na kwa ajili hiyo nililazimika kuutafuta mwenyewe muundo wa utumishi na kuusoma wote. Fundi wetu mmoja ameshaomba ruhusa ya kwenda kusoma shahada. Barua yake nimeipitisha na sasa iko kwa amidi wa kitivo.