Bendeji ya Kujinatia kwa Vidonda vya Miguu ya Sungura: Ubora na Kasoro Zake

Kwa yeyote anayefuga sungura nyumbani hapa Tabora na ambaye ameshaona kidonda chini ya kisigino cha mnyama wake, bendeji ya mpira inayojinatia yenyewe inastahili kununuliwa, ingawa haifai kwa kila hatua ya ugonjwa huu na haitaponya chochote iwapo sakafu ya banda itabaki ileile. Niliinunua katika duka la dawa za mifugo lililo jirani na soko kuu, nikaitumia kwa sungura wetu jike, mnyama mzito anayependwa sana na watoto, aliyekuwa na vidonda kwenye miguu yote miwili ya nyuma.

Sifa yake kubwa ni kwamba hunata juu yake yenyewe, wala haishiki manyoya. Sungura hana vile vinundu laini vya nyama vya unyayoni alivyonavyo mbwa au paka. Kinga yake ni manyoya mazito tu, na anapotulia uzito wake mwingi hukaa kwenye visigino. Sakafu ya wavu wa chuma, matandiko yaliyolowa mkojo, unene uliopita kiasi na kucha ndefu zinazomlazimisha kuegemea nyuma huyamaliza manyoya hayo. Kisha ngozi huwa nyekundu, hupasuka, na bakteria huingia, ambao wakiachwa huweza kufika hadi kwenye mfupa. Plasta ya kawaida inapobanduliwa hung'oa manyoya yaliyosalia, yaani humwondolea mgonjwa kinga ileile anayoihitaji ili apone.

Hata hivyo, bendeji hii ni tabaka la nje tu. Kidonda huoshwa kwanza kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu (kijiko kimoja cha chai kisichojaa katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa kinatosha), hukaushwa kwa kuguswaguswa bila kusuguliwa, na gaga lililokauka haling'olewi. Juu yake huwekwa gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) yenye mafuta ya parafini, ile isiyogandamana na kidonda, kisha pamba nyembamba, ndipo bendeji ifuate. Shughuli hii inahitaji watu wawili: mmoja humshika sungura akiwa amefungwa kwenye kanga huku makalio yake yameegemezwa vizuri, kwa sababu akirusha mateke akiwa ananing'inia anaweza kuuvunja uti wake wa mgongo.

Namna ya kuifunga ndiyo inayoamua kama bidhaa hii itasaidia au itadhuru. Ikivutwa wakati wa kuzungushwa, huendelea kujikaza baada ya mikono kuondoka, na damu hushindwa kupita. Ninachokifanya ni kukunjua kipande kizima kutoka kwenye roli, kukiacha kilegee juu ya meza, halafu kukizungusha bila kukivuta, kwa mtindo wa namba nane kuzunguka kisigino ili kisiteleze, huku ncha za vidole zikibaki nje. Vidole hivyo vinapaswa kukaguliwa asubuhi na jioni. Vikivimba, vikitanuka au vikiwa vya baridi, bendeji ifunguliwe hapohapo. Ikilowa mkojo, ibadilishwe bila kusubiri.

Kasoro zake zipo. Haipitishi hewa vya kutosha, na katika joto la Tabora la mwezi Oktoba unyevunyevu hujikusanya chini yake, hivyo mimi huifungua kila siku. Sungura hupenda kuitafuna, nalo ni jambo la hatari kwa kuwa hawezi kutapika na vipande vya mpira vinaweza kumziba utumbo. Vilevile, kwa unyayo ulionyonyoka manyoya na kuwa mwekundu bila ngozi kupasuka, nisingeitumia kabisa: hapo matandiko manene na makavu yanatosha, na bendeji iliyokunjamana huongeza tu mgandamizo mahali palipokwisha kuumia.

Watu wengi hapa watapendekeza asali, na hoja yao ina msingi, kwani asali huvuta maji kutoka kwenye vijidudu na ina tindikali inayovizuia kukua. Lakini ile inayotumika hospitalini husafishwa kwa mionzi, ilhali ya kwetu, pamoja na utamu wake wote, huweza kubeba mbegu za bakteria kutoka porini. Zaidi ya hayo, hupenya kwenye gozi na kuwaita sisimizi bandani. Kwa kidonda kilichofunikwa, sishauri.

Huduma ya duka lenyewe ilinifurahisha kuliko bidhaa. Kabla ya kunionyesha roli yoyote, muuzaji aliuliza, "Mama, huyo sungura analala juu ya nini?" Alipojua kuwa ni wavu, alishauri nitandaze ubao na juu yake majani makavu ya mpunga, yabadilishwe mara yanapolowa. Mteja mwenzangu aliyetaka amoksilini ya kumnywesha sungura wake alikataliwa kwa upole na kuelezwa kwamba dawa hiyo ikipita mdomoni huua bakteria wema wa tumbo la sungura na inaweza kumuua. Akaelekezwa kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa kidonda cha sungura wake kilikuwa tayari kinatoa usaha. Muuzaji aliyekubali kupoteza mauzo kwa ajili ya mnyama anastahili kuungwa mkono.

Bei ni kubwa kuliko ya bendeji ya kitambaa, nayo haifuliki ikatumika tena. Ningependa waagize pia roli nyembamba, kwa sababu hii yenye upana wa sentimita 5 hulazimika kukatwa katikati kwa mkasi kabla ya kuutosha mguu wa sungura mdogo.