Buti za kukodi: soli ilibaki Nyiragongo

Juzi nimepita mtaa wa Birere nikaziona kwenye dirisha la butiki, buti zile zile nilizowahi kukodi, za kahawia zenye kamba nyekundu, zimepakwa gundi pembeni na kupigwa rangi, zinangoja mtu mwingine. Nilikuwa nimeamua kuyaacha yaishe. Sasa hayaishi. Jina la butiki silitaji, sitaki kesi, lakini aliyewahi kutafuta vifaa vya mlima vya kukodi hapa Goma huenda keshapajua.

Ni habari ya kabla Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, haijamwaga moto tena ile Mei 2021. Wageni wa kazini kwetu walikuwa wanaupanda mlima huo, nikaambiwa na mimi twende. Mzaliwa wa Goma mzima, nyumba yetu imejengwa kwa mawe ya mlima huo huo, na juu sijawahi kufika! Nikaenda kukodi buti, koti la mvua, begi la kulalia na tochi ya kichwani. Kijana wa kaunta akapokea dola zangu, akachukua na kadi yangu ya uchaguzi iwe dhamana. Buti zilikuwa zinang'aa, meno ya soli hayajalika hata kidogo. "Mama, hizi hajavaa mtu," akajisifu. Na kweli hakuwa amezivaa mtu. Shida ilianzia hapo hapo.

Kwenye buti nyingi za aina hii, kati ya ngozi ya juu na ule mpira mgumu unaokanyaga chini, kuna tabaka laini la plastiki inayoitwa poliyurethani. Ndiyo inayokupunguzia maumivu ya mawe. Lakini unyevu wa hewa unaila polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka inakuwa unga, hata kiatu kikiwa kimelala kwenye boksi. Na sisi hapa Ziwa Kivu liko mlangoni. Kwa nje huoni kitu, kiatu kinapendeza tu, kimeoza moyo.

Njia yetu ilianzia Kibati, chini kidogo ya mita 2,000, na ukingo wa juu uko mita 3,470. Ulikuwa mwendo wa saa 4 hadi 6 kwa mtu wa kawaida. Msituni nilitembea vizuri, hata nikacheka na wenzangu. Ukiingia kwenye mawe ya lava mambo yanabadilika: ni mepesi, ni makali, na ukikanyaga yanakukimbia chini ya mguu. Tulipopita kreta ya Shaheru, shimo la volkano iliyozimika ubavuni mwa mlima, nikasikia mguu wa kulia unapiga makofi. Pa, pa, pa. Kuinama, soli imefunguka mbele, na ndani yake panamwagika unga mweusi. Niliusugua kati ya vidole ukanibaki kwenye ngozi kama makaa. Haukupita muda na kushoto nako kukaanza.

Mbeba mizigo wetu, kijana wa pale Kibati, alikuwa amevaa buti za mpira za kawaida, zile za kwenda nazo shambani kwenye matope. Hakusema neno. Akatoa mfukoni kamba ya mpira ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, akaikata kwa jiwe la lava lenyewe, akanifunga miguu yote miwili. Kamba ikashika mguu mmoja. Ule wa kulia soli ilichomoka kabisa kwenye ule mwinuko wa mwisho, nikaiona inabingirika kurudi Goma peke yake. Nikamaliza kupanda kwa ngozi na soksi mbili. Ziwa la moto mle ndani ya shimo la juu niliona, sawa, lilikuwa la ajabu, lakini nililitazama nikiwa nimeshika kidole gumba cha mguu.

Sasa nisiwe mwenye chuki. Lile koti la mvua lilikuwa koti! Tulipigwa na mvua ya upepo pale juu, baridi inakaribia sifuri, wageni na makoti yao ya Ulaya wakalowa mpaka mashati, mimi mkavu. Begi la kulalia lilinuka moshi lakini lilinipa joto hadi asubuhi, na tochi haikuzimika. Nikashuka nimeshasamehe nusu. Nikajisemea kiatu ni kiatu, duka lenyewe si baya.

Halafu nikarudisha vitu.

"Mama, kiatu hakichomoki chenyewe. Wewe umetembea vibaya." Ni yule kijana wa kaunta. Anataka dola 60, la sivyo kadi inabaki. Kwetu hapa wakati huo kadi ya uchaguzi haikuwa ya kupigia kura tu: ndiyo uliyoonyesha benki, ndiyo uliyoonyesha askari alipokusimamisha. Nikamfungulia mfuko wa plastiki niliomwekea ule unga, nikaumwaga kwenye kaunta ili aone mwenyewe kitu kilivyooza. Akainama, akaupuliza. Wote ukaniangukia kwenye kikwembe. Nina watoto wanaomzidi umri, na hata salamu hakuwa amenipa!

Kwa hiyo futeni niliyosema juu ya koti. Msikodi kitu pale, hata fimbo. Kama ni lazima mkodi buti, popote pale, bonyezeni kwa dole gumba lile tabaka la katikati ya soli, pande zote. Likipasuka au likiacha unga, wacheni. Au fanyeni kama yule kijana wa Kibati, nunueni buti za mpira sokoni na soksi nene. Zinateleza kidogo, lakini hazikuachi njiani.

Kadi nilirudishiwa siku nyingine na mama mwenye butiki, maana kumbe yule kijana ni mpwa wake tu. Alinipa kiti, akaniambia "pole sana, dada," akanirudishia na pesa ya buti bila mimi kuomba. Ameniweka njia panda huyu mama. Koti lile ningelikodi tena kesho. Basi mkimkuta yeye, ingieni, ila buti msiguse. Mkimkuta kijana peke yake, mwulizeni shangazi yake anarudi saa ngapi, na kadi zenu zibaki mfukoni.