Saa za Jua za Kaskazini mwa Uingereza: Kirkdale Yaongoza Ijapokuwa Imo Kivulini

Anayekusudia kuzuru saa za kale za jua katika makanisa ya kaskazini mwa Uingereza, na muda wake ni mfupi, ningemshauri aanzie kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Gregori lililoko Kirkdale, karibu na mji wa Kirkbymoorside katika Yorkshire Kaskazini. Ushauri huu una kinaya ndani yake, kwa kuwa saa ya Kirkdale haionyeshi tena wakati: imewekwa juu ya mlango wa kusini, na mbele ya mlango huo kulijengwa baadaye kibaraza kinachoizuia isipate jua. Lakini kibaraza hicho hicho, pamoja na lipu iliyoificha hadi ilipogunduliwa mwaka 1771, ndicho kilichoikinga na mvua na barafu, hata maandishi yake ya karne ya 11 yanasomeka leo karibu yote.

Jiwe lenyewe ni bamba lenye urefu wa zaidi ya mita 2, saa ikiwa katikati na maandishi ya Kiingereza cha kale pande zote mbili. Yanaeleza kwamba Orm, mwana wa Gamal, alilinunua kanisa hilo likiwa limevunjika na kuanguka, akalijenga upya kutoka chini kwa ajili ya Kristo na Mtakatifu Gregori, katika siku za mfalme Edward na erli Tosti. Tosti alikuwa mtawala wa Northumbria kuanzia mwaka 1055 hadi alipofukuzwa mwaka 1065, kwa hiyo mgeni anasimama mbele ya kitu ambacho tarehe yake imebanwa ndani ya miaka 10, jambo adimu mno kwa mawe ya umri huo. Majina ya Orm, Gamal na Tosti yana asili ya Skandinavia, lakini lugha iliyochongwa ni Kiingereza, na sijui maelezo mengine yanayoonyesha kwa ufupi zaidi jinsi jamii hizo mbili zilivyochanganyika Yorkshire. Kisha jiwe linajisemea lenyewe: Haward alinichonga, na Brand kasisi.

Kama chombo cha kupimia wakati, halistahili sifa nyingi. Nusu duara yake imegawa mchana katika sehemu 8, na kijiti chake cha kutupa kivuli kilichomoza kutoka ukutani bila mwinamo wowote. Anayehesabu saa tangu macheo hatapata taabu kuelewa mpango huo, ila akumbuke kwamba katika latitudo ya nyuzi 54 mchana wa Juni unazidi saa 17, na wa Desemba ni saa 7 na dakika chache. Sehemu 1 ya mchana ilikuwa chini ya saa moja wakati wa baridi na zaidi ya saa mbili wakati wa kiangazi. Zaidi ya hayo, asubuhi na jioni za Juni jua huwa nyuma ya ukuta wa kusini, na saa hubaki bila kivuli cha kusoma. Kwa kukadiria wakati wa sala ilitosha. (Atakayebakiwa na nafasi atazame pia pango la Kirkdale lililo jirani, ambamo mwaka 1821 ilipatikana mifupa ya fisi, viboko na tembo.)

Kilomita chache kutoka hapo, kanisa la Great Edstone lina saa ya aina hiyo hiyo, ambayo mchongaji wake aliandika upande mmoja tu na kuuacha wa pili mtupu. Inafaa kupitiwa njiani, si kufungiwa safari.

Escomb, katika County Durham, ni habari nyingine. Kanisa ni la karne ya 7, limejengwa kwa mawe yaliyotolewa katika ngome ya Kirumi ya Binchester, na saa yake ndogo, iliyozungukwa na nyoka wa kuchongwa, bado iko juu kwenye ukuta wa kusini na inapigwa na jua. Kasoro ni kimo chake: bila darubini ya mkononi nyoka huyo haonekani vizuri. Bewcastle, Cumbria, karibu na mpaka wa Uskoti, ina ile inayohesabiwa na wengi kuwa saa ya jua kongwe kuliko zote zilizobaki Uingereza, iliyochongwa kwenye upande wa kusini wa msalaba wa mawe uliopoteza kichwa chake. Safari ni ndefu na kijiji kiko mbali na barabara kuu, lakini nakshi za msalaba peke yake zinailipa.

Saa za karne ya 17 na ya 18, zinazoonekana kwenye vibaraza vya makanisa na katika bustani, nazipa nafasi ya chini, ingawa ndizo sahihi zaidi. Kijiti chao kimeinamishwa kwa pembe iliyo sawa na latitudo ya mahali, na kwa hiyo saa zake ni sawa mwaka mzima. Wanaozilaumu kwamba zimekosea huzionea: huwa hawajaongeza saa 1 ambayo saa za Uingereza husogezwa mbele majira ya kiangazi, wala dakika 4 kwa kila nyuzi ya longitudo magharibi ya Greenwich, ambazo Bewcastle hufikia takriban 11, wala kurekebisha tofauti kati ya wakati wa jua na wa saa za kawaida, ambayo mwanzoni mwa Novemba hutaka kupunguzwa karibu dakika 16. Jedwali la masahihisho hayo linaenea kwenye kikaratasi kimoja, na mgeni aende nalo mfukoni.