Tisheti ya Che: sura imekaa poa, kitambaa hamna kitu

Niliagiza mtandaoni hii tisheti nyeusi yenye picha ya Che Guevara, yule mpiganaji wa mapinduzi ya Kuba, saizi L, imekuja L ya jina tu, mabegani inanibana kama nimeazima ya mdogo wangu. Kola imelegea wiki ya kwanza. Na picha nayo, nimefua kwa mkono, maji baridi, nimeigeuza ndani nje kama walivyosema, bado ile nyota ya kwenye bereti imechunika pembe mbili. Kuwaandikia wananijibu eti ndo staili yake, vinteji. Haya bana.

Ila kilichoniudhi kabisa ni kile kikaratasi cha kwenye kola, kimeandikwa "mwasi", basi. Jamani huyu alikuwa daktari! Halafu ana jina la kwetu kabisa, 1965 alipovuka ziwa kutoka Kigoma kuingia Kongo alikuwa anaitwa Tatu, yani tatu hii hii ya moja mbili tatu.

Picha yenyewe Korda, mpigapicha wa Kuba, aliipiga tarehe 5 Machi 1960, na Novemba ya mwaka huohuo akazaliwa Aleida, binti yake Che, ambaye naye kawa daktari, wa watoto, huko Havana, na kashatibu mpaka Angola na Nikaragua. Kuna stori huwa anaisimulia mwenyewe: mwaka 1966 baba yake kabla ya kwenda Bolivia alikuja kuwaona wanae kajibadilisha kawa mzee mwenye kipara, anajiita Ramón, rafiki wa baba yenu, maana wangemtambua siri ingevuja. Aleida hajatimiza hata miaka 6, anakimbia huku na huku akajigonga kichwa, yule mzee akamuwahi akamkagua pale alipoumia, kambembeleza weee, mtoto akaenda kumwambia mama yake nahisi huyu mzee ananipenda. Mimi hapo huwa nanyamaza kwanza.

Sasa hiyo ingewashinda nini kuandika kwenye kikaratasi?

Korda mwenyewe alipolipwa dola 50,000 na kampuni ya vodka iliyotumia picha yake kwenye tangazo, hela akazipeleka kwenye huduma za afya Kuba. Huyu muuzaji wangu kunirudishia tu hela ya usafirishaji anagoma.

Nyota 2. Moja ya Korda, nyingine ya pindo la chini maana uzi bado haujafumuka. Mnaovaa L agizeni XL.