Kutoa bampa la Crown nyumbani: hii seti ya kubandulia klipu inafaa au unapoteza hela?

Oya wakuu, mambo vipi, karibuni tena. Leo tuko hapa uani na hii Toyota Crown Athlete, ile ya S180 ambayo Wajapani walianza kuiuza Desemba 2003, kwao wanaiita Zero Crown, na hapa Dar sina haja ya kuwaelezea maana kila mtaa ipo. Bampa la mbele kona ya chini limekula tuta, mnaona huu ufa, unaanzia hapa kwenye foglaiti unashuka mpaka chini kabisa. Kwa hiyo linatoka, na tunalitoa wenyewe. Ila video siyo ya bampa peke yake, ni ya hii kitu niliyoshika, hii seti ya kubandulia plastiki za gari, maana inbox imejaa watu wanauliza bro ile seti ya Kariakoo ni kitu au ni geresha.

Ebu tuifungue. Humu ndani kuna hivi vijiti vya plastiki vya kubandulia, vipana na vyembamba, vingine vina pengo katikati. Kuna hii plaizi ya klipu, mdomo wake umepinda hivi. Kuna huu uma wa chuma wenye mpini wa raba, kuna bisibisi moja ya nyota, na kiboksi cha klipu za saizi mchanganyiko. Mfuko wenyewe zipu imeshaanza kugoma, lakini mfuko tunaufanyia nini, tuendelee.

Kabla hujagusa klipu yoyote, swichi zima, fungua betri, toa ule waya wa hasi, halafu subiri. Toyota wenyewe wanasema sekunde 90 au zaidi ndo uanze kazi, kwa sababu mfumo wa eabegi unabaki na umeme kidogo hata betri ikishatoka. Na huku mbele nyuma ya bampa kuna sensa za eabegi, kwa hiyo ukiona koneta ya njano, hiyo achana nayo kabisa, usivute, usichomoe uangalie ndani kuna nini. Njano kwa Toyota ni eabegi.

Haya, juu hapa, boneti iko wazi. Hizi klipu nyeusi za duara zilizojipanga ndo zimeshika bampa kwa juu. Sasa hapa ndo watu wengi wanaharibu, kamera sogea kidogo, sogea. Ona hii klipu, katikati ina kichwa kidogo. Klipu zinakuja aina mbili, kuna ambayo hicho kichwa unakinyanyua juu, na kuna ambayo unakibonyeza kizame kidogo tu, ukisikia tik unaacha, halafu nzima inatoka. Ukilazimisha kunyanyua ile ya kubonyeza unaikata shingo, na ukibonyeza sana inapita moja kwa moja hutaiona tena. Hii hapa ina pengo pembeni mwa kichwa, maana yake ya kunyanyua. Naingiza ncha ya plaizi chini ya kichwa, nakamua taratibu... hiyo. Imetoka nzima. Hii plaizi wakuu nimeipenda, mdomo wake mwembamba unaingia pale ambapo bisibisi ya kawaida ingeshakwangua rangi.

Huu uma wa chuma sasa, hapana. Una nguvu sawa, ila ni chuma, na chuma kikiteleza kwenye rangi ya pearl utalia. Mimi nautumia chini ya gari tu kwenye ile plastiki ya kukingia matope, kule hata ukikwaruza hakuna anayeona.

Twende kwenye tairi. Usitoe tairi, kata usukani kabla hujafungua betri, tairi ya kulia kata kushoto mbele yake ifunguke, ukimaliza upande huu unahamia ule mwingine. Humu ndani, pale bampa linapokutana na fenda, kuna skrubu imejificha, unaivua hii plastiki ya ndani kidogo unaiona. Na hapa ndo bisibisi ya hii seti inafeli. Skrubu za nyota za Kijapani siyo sawasawa na nyota ya kawaida tuliyozoea, ule msalaba wake umechongwa tofauti kidogo, na nyingi zina kitone kidogo pembeni ya msalaba, ukikiona hicho kitone ujue. Ukiweka bisibisi ya kawaida inapanda juu, inateleza, inakula kichwa, halafu skrubu yenyewe imekaa na matope na kutu miaka ishirini, unabaki unatafuta drili. Tafuta bisibisi ya JIS, yaani ya kipimo cha Kijapani, piga WD-40, acha inywe, ukandamize ndo uzungushe. Hii ya kwenye seti iweke jikoni ifungue redio.

Chini ya gari ni soketi namba 10 na klipu zaidi. Kama unapanda jeki, weka stendi, sitaki kusikia habari ya tofali.

Sasa kulivuta. Bandika masking tepu kwenye ukingo wa fenda pande zote mbili, usiruke hii hatua, ni tepu ya hela ndogo na fenda kupakwa rangi ni hela nyingine kabisa. Halafu huvuti kwenda mbele. Unaanza kwenye kona ya tairi, unavuta kuja nje, upande wako, maana pembeni kuna reli ya plastiki yenye meno na bampa limeng'ata pale. Chomeka kijiti kipana, sukuma kidogo, vuta... tak, tak, tak, mmesikia? Hayo ndo meno yanaachia. Na jua la saa saba lisikuudhi, plastiki ikipata moto inakuwa laini, wenzetu wa nchi za baridi wanapuliza kwanza kwa heat gun, ile mashine ya hewa ya moto. Ila ukumbuke ni plastiki ya zamani, ukiona haitoki kuna klipu umeisahau, usitumie misuli.

Dogo kashika upande wa pili, usijaribu peke yako, litaning'inia kwenye waya. Tunalisogeza mbele kidogo tu, mkono ndani, chomoa koneta za foglaiti, unabonyeza ulimi halafu unavuta, na kama yako ina sensa za kupaki kwenye kona nazo chomoa. Haya, laza kwenye godoro, uso juu.

Ona sasa gari likiwa uchi. Hili povu linakaa mbele ya bimu, huu mhimili uliolala nyuma ya bampa, kazi yake ni kunywa kipigo kidogo. Hapa kwangu povu lipo ila kipande cha kushoto kimekatwa, na bimu ina mkunjo hapa, pitisha kidole, umepakwa rangi juu yake. Hii gari ilishagongwa mbele kabla haijanifikia na nje huoni kitu. Na hii klipu tuliyoitafuta kule kona ya kulia? Badala yake kuna skrubu ya mbao na waya wa kufungia! Kuna fundi alishapita hapa. Ukinunua Crown ya mkononi, hapa nyuma ya bampa ndo pana stori yote.

Geuza bampa, ndani kuna maandishi ya aina ya plastiki, mabampa mengi yana herufi PP, yaani polipropilini. Gundi za kawaida hazishiki vizuri kwenye PP, na puti tupu itapasuka tuta linalofuata, kwa hiyo fundi wa kuchomelea plastiki aunge kwa kijiti cha PP hichohicho, wale wanaotoboa matundu na kushona kwa waya mimi sipeleki.

Kwa hiyo seti. Plaizi na vijiti, nunua, vinajilipa siku ya kwanza. Klipu za kwenye boksi ni nyepesi, nyingi zinalegea kwenye matundu ya Toyota, bora uende Ilala au Gerezani na klipu yako moja ya mfano mfukoni, ununue za kufanana kabla hujaanza kazi, maana kwa gari la umri huu lazima zikatike kadhaa.

Na wenye Benz na BMW wa zamani, plastiki zitawafaa, ila nyie skrubu zenu nyingi ni toksi (Torx), zile za nyota ya pembe sita, na bisibisi yake hakuna hata moja kwenye huu mfuko.