Mfuko wa wavu wa kufulia midoli ya manyoya, baada ya miezi sita ya matumizi

Kwa miezi sita nimekuwa nikifua midoli ya watoto wangu katika mfuko wa wavu wenye zipu, ule uliokusudiwa nguo laini kama soksi na sidiria, na ninaona inafaa nieleze kazi unazoziweza na zile zinazoushinda, kwa kuwa maandishi ya pakiti yake yanaahidi mengi mno.

Kazi yake ya kwanza ni kumkinga mdoli na misukosuko ya mashine, na hapo unastahili sifa. Sungura wa mwanangu mdogo, ambaye masikio yake yamelegea kwa kuburutwa kila mahali, amefuliwa humo mara nne kwa mzunguko wa taratibu na maji ya nyuzi 30 bila mshono hata mmoja kufumuka. Tembo alipofumuka mguu, nyuzi za kujazia zilizomtoka zilibaki ndani ya mfuko, hazikufika kwenye chujio la mashine.

Zipu ndiyo sehemu dhaifu. Mfuko wangu wa kwanza haukuwa na kile kipande cha lastiki cha kufunika kishikio cha zipu, kwa hiyo ulifunguka katikati ya ufuaji na dubu akatoka na mkwaruzo kwenye pua yake ya plastiki. Mwanangu aliipapasa pua hiyo kwa muda mrefu bila kusema neno, nami siku hiyo hiyo niliacha kuutumia.

Pakiti inadai kwamba mfuko husaidia kuua vijidudu, dai ambalo silikubali hata kidogo. Utitiri wa vumbi, yaani vidudu vidogo mno vinavyoishi kwenye vumbi la nyumbani, hufa kwa maji ya moto ya nyuzi 60, na joto hilo hukunjamanisha manyoya ya akriliki na kulegeza gundi, uwe na mfuko au usiwe nao. Kwa kuwa mmoja wa watoto wangu ana pumu, huwatia wanasesere wake kwenye friza kwa saa 24 kisha huwafua, maana baridi huua utitiri lakini kinyesi chake, ambacho ndicho hasa kinachochokoza kifua, hakiondoki ila kwa kuoshwa. Mdoli wenye betri au kisanduku cha muziki hauingii majini kabisa. Huupangusa kwa kitambaa chenye povu.

Manufaa makubwa zaidi niliyoyapata hayakutajwa popote kwenye pakiti, nayo ni kukausha. Mdoli ukining'inizwa kwa sikio, uzito wa maji huvuta mshono, na maji yenyewe huteremka na kutuama miguuni, ambako baada ya siku moja huanza kutoa harufu ya uvundo. Nikiulaza ndani ya mfuko na kuufunga mfuko kwenye kamba kwa pembe zote mbili, hewa hupita pande zote, nami huugeuza kila baada ya saa chache. Dubu mkubwa huchukua siku mbili. Simrudishi kitandani mpaka nimbonyeze tumbo kwa dole gumba, kwani tumbo likiwa bado baridi, ndani hakujakauka.

Atakayenunua achague mfuko mpana wenye matundu madogo, na kabla ya kulipa aivute zipu kwa nguvu ikiwa imefungwa.