Doria mpakani au msako mitaani?

Hapa Dar hoja ya wahamiaji haramu huibuka kila lori linapokamatwa na vijana wa Kihabeshi waliofichwa nyuma ya mizigo, wakielekea Afrika Kusini. Wengi husema: kaza mpaka. Sawa, lakini upi? Tanzania inapakana na nchi 8, na njia za panya hazihesabiki. Ukiziba moja, wasafirishaji huhamia nyingine, hupandisha bei na kuwabana abiria zaidi. Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma. Walikosa hewa ndani ya lori.

Msako nao una kasi. Operesheni Kimbunga ya 2013 iliondoa maelfu, ila ilikumba hata watu walioishi Kagera na Kigoma kwa miongo. Na Kariakoo, askari atamtofautishaje Muha wa Kasulu na Mrundi? Kiha na Kirundi vinakaribiana mno. Asiye na kitambulisho cha NIDA mfukoni, hata awe mzawa, ajieleze mwenyewe.

Kwangu doria ni afadhali, mradi imwandame mwenye lori kabla ya aliyejificha ndani yake. Msako ubaki kwa nyumba wanakofichwa wasafiri, usigeuzwe ukaguzi wa lafudhi stendi ya mabasi.